Jinsi Shangazi Tatu Alivyogeuka Kijiji

Marahaba, wajukuu. Najua hamjaniamkia, mmeinamia simu zenu, lakini mimi naitikia mapema tusije tukacheleweshana.

Juzi mmoja wenu, aliyepata ajira mjini, alinieleza kazi yake. "Bibi, nachambua data na kutafuta makosa kwenye kodi." Nikamshukuru Mungu, nikadhani mtoto kapata kazi ya mapato. Akacheka mpaka akakaa chini. Akanifafanulia kwamba kodi yake hiyo ni maandishi ya kuiamrisha kompyuta, na kwamba yeye kutwa kucha anasoma mistari kutafuta palipokosewa. Kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anayemvusha kipofu barabara, "Lakini haya ni mambo ya siku hizi, Bibi. Usijisumbue."

Basi sogeeni, maana kazi hiyo ya siku hizi mimi niliifanya Kibaha kabla baba zenu hawajaota meno.

Siku hizi mtu akifanikiwa mnasema ametoboa. Mimi Mwanahawa nilitoboa kila siku ya kazi, asubuhi hadi alasiri, na sikufanikiwa kitu. Nilikuwa mtoboa kadi. Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa kupanga mashamba na viwanja vya vijiji vipya, enzi zile watu walipokuwa wanahamishwa kutoka walikozoea na kukusanywa pamoja. Ilikuwa nyumba ndefu ya bati pale Maili Moja, nyuma ya barabara ya Morogoro, yenye joto la kuivisha ndizi.

Kadi yenyewe ilikuwa karatasi ngumu yenye safu themanini. Kila safu ilibeba herufi moja au tarakimu moja, na herufi hiyo haikuandikwa, ilitobolewa. Jina lina safu zake, umri una safu zake, watoto wana safu zao, mikorosho ina safu zake. Ukichanganya safu umechanganya maisha ya mtu. Msichana mmoja tuliyekuwa tukimfundisha alianza na watoto badala ya umri, na mradi ukajikuta na mzee wa Mlandizi mwenye miaka minne na watoto hamsini. Mzee alipopata habari hakukasirika. Aliomba karatasi hiyo akamwonyeshe mkewe.

Vile vipande vidogo vilivyodondoka kwenye matundu tulivitia guniani. Harusi za Maili Moja nzima zilitegemea gunia letu, bwana na bibi harusi wakimwagiwa matundu ya wakuu wa kaya wa Kisarawe. Ukiona ndoa ya wakati ule imedumu, jua imebarikiwa na takwimu.

Nilijifunza mambo ambayo hayamo kwenye kitabu. Kadi hupata unyevu na kuvimba, na kadi iliyovimba hukwama kwenye mashine, kwa hiyo masika tulizihifadhi kwenye kabati lenye taa inayowaka ndani. Kabati lile lilikuwa mahali pakavu kuliko vyumba vyetu vya kupanga, na mkuu wa ofisi, Bwana Mkumbo, aliwahi kukuta humo khanga zangu mbili na shati la mtu. Sifuri tuliivalisha mkanda, yaani mstari katikati, isifanane na herufi O. Na kila rundo la kadi tulilichora mstari wa mshazari ubavuni, kona hadi kona. Mstari huo ni mali. Siku moja sanduku lilifunguka nyuma ya Land Rover ya ofisi, kadi zikatapakaa barabarani, na watu wema wa Maili Moja wakatuokotea kila mmoja kwa utaratibu wake. Tulizirudisha kwa kufuata mstari tu. Moja ililetwa baadaye sana na mama muuza ndizi, ambaye alikuwa akiichomeka kwenye kijibanda chake akidhani ni leseni. Alisema hata askari walipoiona waliridhika.

Mkuu wetu, huyo Bwana Mkumbo, alikuwa Mnyiramba wa Singida, mrefu, mtaratibu, aliyesomea mambo haya ng'ambo na kurudi na tabia ya kunywa chai bila sukari hata kabla sukari haijaadimika. Yeye ndiye aliyeandika maagizo ambayo mashine kubwa ya Dar ilifuata iliposoma kadi zetu. Hiyo ndiyo kodi yenu. Kila agizo lilimalizika kwa nukta. Mara moja alisahau nukta moja, na mashine, badala ya kuchapa neno KISARAWE juu ya ukurasa na kuendelea na majina, ilichapa KISARAWE, ikachapa KISARAWE, ikaendelea kuchapa KISARAWE mpaka karatasi zikaisha. Kwa muda mrefu maandazi ya Maili Moja yalifungwa kwenye karatasi zenye neno hilo, na wageni waliokuwa wakipita kwenda bara walidhani ndilo jina la andazi.

Baada ya hapo Bwana Mkumbo aliweka sheria. Maagizo yasomwe kwa sauti na watu wawili kabla ya kwenda Dar. Mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole. "Fungua faili, nukta. Soma kadi, nukta. Kama safu ya kwanza ni herufi, mkato, huyu ni mtu, nukta." Tulisoma kwa kupokezana, sauti zikipanda na kushuka. Mzee mmoja aliyekuja kutuuzia mayai alisimama mlangoni, akavua kofia, akasubiri tumalize dua.

Sasa niwaambieni habari ya mtani, maana hiyo mashuleni kwenu hawafundishi.

Kadi ikishatobolewa ilikwenda kwa mhakiki. Yeye aliketi kwenye mashine nyingine na kupiga upya kila kitu kutoka kwenye karatasi ileile niliyotumia mimi. Alichopiga kikilingana na matundu yangu, mashine ilikata kipengo kidogo pembeni mwa kadi, ishara kwamba ni safi. Kisipolingana, mashine ilikwama na kuwasha taa nyekundu. Mhakiki wangu wa kwanza alikuwa rafiki yangu wa moyo, dada mmoja wa Bagamoyo. Hakunifaa hata kidogo. Taa ikiwaka anaona haya kuniambia, anajisahihisha yeye ili alingane na mimi. Wa pili tulikuwa hatupatani. Huyo alikuwa akiona makosa hata pasipokuwepo. Wa tatu akawa Sitta Maganga, Mnyamwezi wa Tabora.

Mimi ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakishusha mizigo pwani. Mtani wako anaweza kukamata kuku wako akamla, anaweza kukutukana katikati ya msiba wa baba yako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Basi taa ilipowaka, Sitta hakuona haya wala hakuficha chuki. Alifurahi. Alisimama, akanyoosha mikono, akaitangazia ofisi nzima.

"Jamani, Mzaramo kalala tena. Ngoma ya jana bado imo vidoleni."

Nami nikamjibu hapo nilipo, "Angalia vizuri, Mnyamwezi. Ninyi mmezoea kubeba mizigo, kusoma kumekuja juzi."

Kisha tunaitazama kadi pamoja, na kwa kawaida alikuwa sahihi, na natoboa upya, na hakuna aliyelala na kinyongo. Nyani haoni kundule, wajukuu, na rafiki wa nyani anaona haya kumwambia. Mtani humwambia huku akicheka. Kama huko kazini kwenu kuna mtu wa kukagua kazi yako, usimtafute anayekupenda sana wala anayekuchukia. Tafuta ambaye kosa lako litamfurahisha na haki yako haitamuuma.

Nilijivunia mpango huo mpaka siku alipoingia shangazi yangu ofisini na jembe begani.

Shangazi huyu, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Jina lake Tatu, binti Pili Kondo. Kwetu jina la Tatu ni jina kama mengine, la mtoto wa kike aliyezaliwa wa tatu, na Pili ni jina la babu yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Alikuwa amehamishwa kutoka shambani kwake, ndani ndani huko Kisarawe, na kuletwa kwenye kijiji kipya, ambako alijikinga kwenye kibanda cha makuti akisubiri kugawiwa kiwanja. Viwanja vilikuwa vigawiwe kwa orodha yetu, kabla ya masika. Asiyekuwemo angepelekwa upande wa pili wa bonde, mbali na kisima, mbali na kila aliyemfahamu. Mama wa umri ule, peke yake, na mvua ziko njiani. Mimi nilikuwa silali nikimfikiria, ila nilijipa moyo kwamba orodha inatoka kwetu, mikononi mwangu mwenyewe.

Alisimama katikati ya ofisi, jembe jipya begani, bado lina mafuta ya kiwandani.

"Hodi. Nimeambiwa humu ndani yumo aliyenifanya kijiji."

"Shikamoo Shangazi," nikasema. "Kijiji vipi?"

"Marahaba. Kijiji kama vijiji. Juzi limekuja lori. Dereva anauliza, kijiji cha Kondo kiko wapi? Watu wanamwambia hapa hakuna kijiji cha Kondo, labda yule mama mwenye jina la Kondo. Akaja kibandani. Akaniambia, mama, tia sahihi, haya majembe yako thelathini na mawili."

"Ukatia?"

"Nimesoma kisomo cha watu wazima miaka miwili natafuta pa kutia sahihi, nikatae? Nikatia. Kushusha ameshusha, kaondoka. Sasa mimi nalala nje, majembe yamelala ndani."

Sitta alianza kucheka. Shangazi akamgeukia polepole, na jembe likageuka naye, Sitta akanyamaza.

"Hayo siyo yaliyonileta," akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Mwenyekiti wetu kabandika orodha ya viwanja. Nimeisoma herufi kwa herufi, kwa kidole changu. Simo. Na majirani wa nyuma yangu, nyumba zote zile mpaka mwisho, hawamo. Namuuliza mwenyekiti, ananiambia, mama, karatasi inasema wewe si mtu, wewe ni kijiji, na hao ni raia wako, kawatafutie viwanja. Usiku wanakuja kibandani kuniuliza, tunafanyaje? Mmoja kaniletea kesi ya mbuzi nimwamulie."

Bwana Mkumbo alitoka chumbani mwake na kikombe chake cha chai chungu. Alimwamkia Shangazi, akampa kiti, akaomba sanduku la kadi za kijiji kile. Tukatafuta. Kadi ilikuwepo, imetobolewa vizuri kabisa, ina kipengo cha usafi pembeni. Ilisomeka hivi: 32 KONDO.

Nitawaeleza ilivyotokea, na msimcheke mtu mmoja peke yake, mtucheke wote.

Fomu za vijijini ziliandikwa kwa mkono, kwa hiyo kwanza zilinakiliwa kwenye karatasi zenye visanduku. Kazi hiyo ilikuwa ya Elisante, kijana mwadilifu wa Upareni, mwandiko wake ungeweza kuning'inizwa ukutani. Ili kwenda haraka, Sitta alimsomea fomu kwa sauti naye akaandika. Na ukutani kulikuwa na agizo la Bwana Mkumbo mwenyewe: NAMBA ZOTE ZIANDIKWE KWA TARAKIMU, KAMWE SI KWA MANENO. Basi Sitta akasoma kwa mbio zake, "Tatu Pili Kondo." Elisante alikotoka hakuna mwanamke anayeitwa Tatu. Akasikia tatu, akaandika 3. Akasikia pili, akaona Mnyamwezi hajui Kiswahili, alitaka kusema mbili, akamsahihishia kimoyomoyo, akaandika 2. Kisha Kondo.

Karatasi ikaja kwangu. Kanuni ya mtoboaji ni moja tu: piga unachokiona, usifikiri. Mtoboaji anayefikiri anachelewa. Nikaona 32 KONDO, nikapiga 32 KONDO. Shangazi yangu mwenyewe kapita chini ya vidole vyangu sikumtambua. Ikaenda kwa Sitta, naye akapiga anachokiona. Vikalingana. Hakuna taa. Mtani wangu, aliyekuwa akisherehekea kila kosa langu, alilipita hili kimya kwa sababu karatasi ilikuwa imetudanganya wote wawili sawasawa.

Na mashine ya Dar? Mashine iliambiwa hivi: kama safu ya kwanza ni herufi, huyu ni mtu. Kama ni tarakimu, hii ni kadi ya kijiji, tarakimu ni idadi ya kaya, jina linalofuata ndilo jina la kijiji, na watu wote wa kadi zifuatazo ni wakazi wake. Ikakutana na Shangazi. Safu ya kwanza tarakimu. Ikamtawaza.

Bwana Mkumbo aliweka kikombe chini. "Mashine haikukosea," alisema.

"Na mimi sikukosea," Elisante akasema, akionyesha ukutani.

"Mimi nimesoma kilichoandikwa," Sitta akasema.

Shangazi akatutazama mmoja mmoja. "Basi mwenye kosa ni marehemu baba yangu, aliyenipa jina."

Hapo hakucheka mtu. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. Tulikuwa tumehakiki kwamba nakala inafanana na nakala. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza, huyu thelathini na mbili Kondo ni kitu gani duniani? Yuko wapi? Nani amewahi kwenda huko? Watu wawili wakikubaliana wamekubaliana tu, hawajasema kweli. Ninyi na mashine zenu zinazojihakiki zenyewe, mganga hajigangi.

Mnadhani tulitoboa kadi mpya mambo yakaisha. Ndivyo nilivyodhani na mimi. Bwana Mkumbo alipiga simu wilayani, akarudi amekunja uso. Orodha ilikuwa imeshapigwa mihuri. Mtu kuongezwa, sawa, lakini kijiji cha Kondo kilishapokea majembe ya serikali na kutia sahihi. Kijiji kilichopokea vifaa hakiwezi kufutwa hivihivi kana kwamba hakikuwepo. Lazima kivunjwe kwa barua ya mwenyekiti wake.

"Mwenyekiti wa Kondo ni nani?" akauliza Elisante.

"Hayupo. Safu zake ni tupu."

Nje kulikuwa na wingu zito upande wa Soga, na mimi nilikuwa naliangalia hilo wingu tu. Nilitaka kulia, nisiwafiche. Nilijua wilayani barua zinavyokaa.

Shangazi akasogeza kiti mbele. "Mwenyekiti huchaguliwa na nani?"

"Na wanakijiji, mama," akasema Bwana Mkumbo.

"Wanakijiji wangu nimewaacha nyumbani, wamenipa kesi ya mbuzi. Aliyeletewa kesi ndiye mwenyekiti. Mwanahawa, chukua kalamu."

Nikamtazama Bwana Mkumbo. Alikuwa msomi, alikuwa na haki ya kukataa. Badala yake akaivuta mashine ya kuandikia akampa Elisante, akasema, "Mwenyekiti, tunakusikiliza."

Barua ile naikumbuka kwa moyo kwa sababu Elisante aliisoma kwa sauti mara mbili, na nukta zake zote.

"Sisi wanakijiji wa Kondo, ambao wengi wetu ni mimi, tumekutana tukaona kijiji chetu ni kidogo. Hakina shule, hakina zahanati, kina mwanamke mmoja na majembe. Tumekubali kivunjwe. Lakini kijiji hakivunjwi watu wake wakatupwa. Kwa hiyo tunavunja kwa sharti kwamba kila aliyekuwa raia wa Kondo apewe kiwanja palepale walipo jirani zake, karibu na kisima, kabla ya masika. Bila hivyo kijiji kinaendelea, na kitaomba trekta."

"Hiyo ya trekta itawaudhi," nikanong'ona.

"Iache," Bwana Mkumbo akasema. "Hiyo ndiyo itakayosomwa."

Shangazi akatia sahihi, taratibu, ulimi umechomoza kidogo pembeni ya mdomo. Kisha tukaja kwenye kadi mpya. Bwana Mkumbo aliondoa agizo ukutani, akaongeza chini yake kwa mkono: ISIPOKUWA NI JINA LA MTU. Elisante akachukua kalamu kumwandika Shangazi upya, na Sitta, ambaye kukaa kimya kulikuwa kumeanza kumletea homa, akauliza, "Tatu ya namba au Tatu ya mtu?"

"Wewe waitwa nani, baba?" Shangazi akamuuliza.

"Sitta."

Ofisi nzima ikageuka. Sitta akajaribu kujiokoa. "Yangu ina t mbili, mama. Ni jina la kwetu."

"Hata ingekuwa na t kumi," Shangazi akasema, akilishika jembe vizuri. "Sita ukimkata katikati unampata Tatu. Kaa kimya, baba, nisije nikakukata nimpate mwenzangu."

Mnyamwezi yule alicheka hadi akaegemea kabati la kadi. Kisha akafanya jambo ambalo mtani hufanya akishindwa: akavua saa yake, akasema ni fidia, na Shangazi akaikataa akasema atakuja kudai kuku. Kadi nikaitoboa mimi, akaihakiki yeye. Lakini safari hii hakupiga akitazama karatasi. Alimtazama Shangazi usoni, akamuuliza herufi moja moja, T, A, T, U, naye akamjibu moja moja, na mimi nilisimama nyuma yao nikiomba taa isiwake. Haikuwaka.

Kadi ikaenda Dar, barua ikaenda wilayani. Siku zikapita. Bwana Mkumbo alikuwa akipiga simu kila asubuhi kabla ya chai, na kila asubuhi aliniangalia na kutikisa kichwa. Nikaanza kuhesabu mbao za kibanda cha kumjengea Shangazi nyuma ya chumba changu, nikijua atakataa kuja. Mwishowe simu ikalia yenyewe. Afisa wa wilaya alikuwa amesoma mpaka kwenye trekta, akauliza kama huyo mwenyekiti ni mtu kweli. Bwana Mkumbo akajibu, "Sasa hivi ndiyo, bwana. Zamani alikuwa kijiji." Tukasikia kicheko cha upande wa pili mpaka tuliokuwa mbali na simu.

Orodha mpya ilipotoka, mimi na Sitta tuliipeleka kijijini wenyewe. Hatukuiamini njia. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti ya mnada, aliwakusanya watu kwenye uwanja wa shule na kuanza kusoma. Utaratibu ulikuwa ukisikia jina lako uitike, karani akuandikie namba ya kiwanja. Asiyeitika anarukwa, na kiwanja chake kinabaki kwa wasio kwenye orodha, ambao walikuwa wengi na walikuwa wamesimama karibu kabisa.

Akasoma majina mengi. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza. Nilikuwa nimemshika Shangazi mkono, nao ulikuwa wa baridi.

"Tatu Pili Kondo."

Shangazi kimya.

Nikamminya kidole. Nilidhani hofu imemziba masikio. Mwenyekiti akainua macho, akatafuta kwenye umati, akarudia kwa nguvu. "Tatu Pili Kondo, yupo?"

Karani akainua kalamu kwenda kwenye jina linalofuata. Watu wakaanza kugeuka kumtazama Shangazi, na Sitta akaninong'oneza kwa hasira ya kweli, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Mwambie aitike, Mwanahawa, watampita." Nikafungua mdomo niitike mimi kwa niaba yake.

Shangazi akanizuia kwa mkono. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, naye alikuwa anatabasamu.

"Nimekusikia tangu mwanzo, mwenyekiti," akasema. "Soma tena, nisikie nikiitwa mtu."

Mwenyekiti akafuta maji kwenye karatasi, akasoma tena.